Yai Nililolichora

Nyie walimu vijana mnaosoma uzamili Jumamosi na Jumapili, kompyuta mapajani na waya wa chaji umewazunguka kama mbuzi aliyefungwa, sogeeni niwasimulie. Juzi nilimsikia mmoja wenu akilalamika kwamba mtandao ulikatika katikati ya mhadhara. Pole yake, simcheki. Mimi mtandao wangu ulikuwa lori la nta na asali kutoka Itigi, na lenyewe lilikuwa likikatika kila kilima.

Mimi ni Mwalimu Tabitha, Mnyiramba wa kuzaliwa, mstaafu wa chaki. Nilianza kazi nikiwa na darasa la nane langu na cheti kidogo cha ualimu, binti mwenye ndoto nyingi kuliko viatu. Kidato cha nne nilikisoma kwa posta, koroboi ikinipaka masizi puani hadi asubuhi watoto wa darasa la kwanza wakawa wananionyeshea vidole. Cha sita vivyo hivyo. Kisha Chuo Kikuu kikafungua mlango kwa watu wazima waliokuwa kazini, nikapita hapo, nikapata digrii ya kwanza, nikarudi kufundisha. Mngedhani nimetosheka. Wapi! Kulikuwa na swali lililonikaa kichwani kama funza kidoleni, likanirudisha chuoni kutafuta digrii ya pili, hiyo mnayoiita sasa uzamili.

Swali lenyewe lilikuwa hili: kwa nini watoto wa wafugaji wananyamaza darasani? Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mtoto anatakiwa shule, madarasa yamefurika mpaka nje. Walikuja watoto ambao nje walikuwa na kelele kama kasuku, lakini ukiwaingiza ndani na kuwauliza jambo, kimya. Wenzangu walisema ni wazito. Mimi moyo wangu ulikataa, ila kukataa kwa moyo si utafiti.

Nikapewa ruhusa ya masomo, yenye mwisho. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, niwe nimeandika au sijaandika, narudi darasani. Afisa aliyenipa ile ruhusa alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwalimu Tabitha, ruhusa hii haina mdogo wake." Nikaelewa. Nikishindwa, basi.

Msimamizi wangu chuoni alikuwa Daktari Kabezi, mtu mwembamba, msafi, aliyekunywa chai isiyo na sukari hata siku ambazo sukari ilipatikana. Alipenda neno moja kuliko yote. "Kipimo, Bibi Tabitha. Huruma unayo ya kutosha. Nionyeshe kipimo."

Basi nikatengeneza kipimo. Nilichora picha kwenye kadi ngumu, mwenyewe, kwa kalamu ya wino: yai, kibuyu, mwiko, ng'ombe. Vitu ambavyo mtoto yeyote wa Singida anavijua kabla ya kujua jina lake. Namwonyesha mtoto kadi, namwuliza, "Hii ni nini? Inafanya kazi gani?" Akijibu, vema. Asipojibu, sifuri. Daktari alizitazama zile kadi, akasema ng'ombe wangu ana shingo ya punda, lakini kipimo ni kizuri. Akatia sahihi.

Nikaanzia Singida Mjini, kwenye shule moja karibu na maofisi. Aisee! Watoto wa makarani na wenye maduka walijibu kabla sijainua kadi vizuri. "Yai! Linaliwa! Linaanguliwa! Linauzwa!" Mmoja akaniambia, "Mwalimu, huyo si ng'ombe, ni punda ana pembe." Nikaandika vema, vema, vema. Nikajiona tayari nimevaa joho.

Halafu nikapanda lori kwenda kijijini, upande wa Ikungi.

Ngoja hapa niwape kitu cha kazi, maana nitasahau. Ukienda kufanya utafiti kijijini, usitoe karatasi siku ya kwanza. Kalamu inawafunga watu midomo kuliko kufuli. Kaa kwenye kigoda cha chini, na mikono yako iwe na kazi. Mama akipura mtama, pura naye. Akichambua maharage, chambua. Mtu akikuangalia usoni anakujibu kwa adabu. Akiangalia maharage anakujibu kwa ukweli. Hili sikulisoma kitabuni, nililipata kwa sababu mwenyeji wangu hakuwa mtu wa kumwacha mgeni akae bure.

Mwenyeji huyo ni Mama Zuhura. Mnyaturu, mjane, mrefu, ulimi wake una pilipili. Nyumba yake ilikuwa ile ya tembe, paa bapa la udongo, ukiingia unainama. Siku nilipofika aliniangalia viatu, akaniangalia begi, akasema, "Haya, Wanyiramba wamechoka kutushinda kwa vitunguu, sasa wanakuja kutupima watoto."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ingia. Angalia kichwa, nyumba yetu inadai heshima mlangoni."

Alikuwa na binti yake, huyo Zuhura, darasa la kwanza, mdogo wa mwili, macho makubwa. Mchana anasoma, jioni anasaidia kurudisha ndama. Mama yake alimsifu kwa namna yake: "Huyu akishajua kusoma barua, inatosha. Akimaliza la saba ni wa kuolewa, aende kwake."

Kesho yake nikakaa kwenye chumba cha darasa, kadi zangu mezani. Nikaanza na Zuhura, maana angalau ananijua.

"Zuhura, hii ni nini?"

Akaliangalia yai. Akaniangalia mimi. Akaliangalia yai tena, akanionea huruma, nawaambia kweli, niliiona huruma usoni mwake.

"Hii hapa. Ni nini?"

Akasimama, akakunja mikono, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ngoja nikamwulize mama." Akatoka mbio.

Nikaandika: *Hajui. Anamtegemea mama.* Sifuri.

Wa pili akanyamaza. Wa tatu akanyamaza. Wa nne alipoonyeshwa ng'ombe alirudi nyuma hatua kama nimemwonyesha nyoka. Nikamaliza siku nina sifuri zimejipanga kama shanga. Ukiniuliza kama nilihuzunika, nilihuzunika, lakini ndani yake kulikuwa na furaha ya kishetani, ile ya mtafiti: mjini wanajibu, kijijini hawajibu, kipimo kimefanya kazi! Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani sura ya nne.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta mayai.

Si yai. Mayai, kwenye ungo, yamefunikwa na jani. Pembeni kibuyu kipya, kimepambwa shingoni. Pembeni yake miiko, mingine bado ina harufu ya mti mbichi. Nikasimama pale na mswaki mdomoni. Mama Zuhura akatokea na ndoo.

"Mbona unaviangalia? Chukua."

"Vya nani hivi, mama?"

"Vyako. Si uliviulizia?"

"Mimi?"

"Mwalimu, usiwe na aibu. Watoto wote walirudi wakasema, mgeni anataka yai, mgeni anataka mwiko. Tena hadi kuchora amechora! Mtu anayechora yai, hamu yake si ya leo." Akaweka ndoo chini. "Ila la ng'ombe tuvumilie. Limepelekwa kwa wazee. Jana walikaa kikao, hawakupatana, leo wanakaa tena."

Vijana wangu, mswaki uliniponyoka.

Katika kijiji kile, mgeni mwenye adabu haombi. Akihitaji kitu, anakiulizia tu: "Na kile ni nini?" Mwenyeji mwenye adabu haelezi, anatoa. Na mtoto mwenye adabu hajibu chochote, maana vitu ni vya mama. Anakwenda kumwuliza mama. Zuhura alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Angenijibu "ni yai" akabaki amekaa, lingekuwa tusi, kama kusema: nimeona unalitaka, na sikupi.

Nilijaribu kueleza. "Mama Zuhura, sikuyataka mayai."

"Huyajui?"

"Nayajua."

"Hapa kwetu mtu anauliza ama kwa sababu hajui, ama kwa sababu anataka. Wewe yai unalijua, na unasema hulitaki." Akanikazia macho, na hakuwa anatania tena, alikuwa na hamu ya kweli ya kujua. "Sasa uliuliza ya nini?"

Nikainama kuuokota mswaki. Mwalimu mwenye digrii, na maisha yangu yote kazini nimewauliza watoto mambo ninayoyajua. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeniuliza kwa nini. Ndipo nikaona kwamba sisi walimu ni watu wa aina ya tatu, na aina hiyo watoto wa kule hawakuwahi kuiona nyumbani.

"Niache niwaze," nikamwambia.

"Waza. Lakini kwanza uwahi kwa wazee, kabla hawajachagua ng'ombe."

Nilikwenda mbio, sitasimulia aibu yake. Walifurahi sana kusikia sitaki ng'ombe. Mmoja alifurahi kupita kiasi, nadhani ndiye aliyekuwa ameshaangukiwa na zamu. Mayai sikuweza kurudisha, kurudisha ni kusema ni machache. Nikayala. Niliyala ya kuchemsha, ya kukaanga, ya kutia kwenye uji, mpaka kuku wa Mama Zuhura wakawa wananiangalia vibaya.

Lakini swali likabaki. Kama hawajibu swali la mwalimu, wanajibu swali gani?

Jibu nililipata nikiwa nimepotea. Nilikuwa natoka mnadani Ikungi na baiskeli ya kuazima, nikaona njia pana, nzuri, imekanyagwa vizuri, nikaifuata kwa raha zangu. Ikanipeleka kwenye vichaka. Hakuna nyumba, hakuna sauti. Mbele nikamkuta Zuhura na wenzake wakisukuma ndama.

"Zuhura, nimepotea. Njia hii inakwenda wapi?"

Ah! Bomba lilipasuka, wakawa wanapokezana.

"Hiyo ni ya ng'ombe, Mwalimu! Inakwenda kwetu kwa zamani, kwenye mahame!"

"Si kwenu, ni kwetu. Kwenu mnapita kwanza mbuyuni."

"Tulipohamishiwa kijijini watu tulihama, ng'ombe hawakuambiwa. Kila jioni wanarudi kule wanasimama mlangoni."

"Mlango haupo, lakini wanasimama!"

"Ukitaka kujua njia ya watu, usiangalie upana. Angalia unyayo. Ng'ombe wanakwenda kundi zima, watu wanakwenda wawili wawili wanaongea, kwa hiyo njia yetu ni nyembamba lakini ina mistari miwili ya nyayo."

"Ila mvua ikinyesha zinafutika, basi sikiliza shoka, linakolia ndiko kuna watu."

Walieleza, walibishana, wakarekebishana, wakachora kwa kijiti mavumbini. Ng'ombe waliochorwa pale walikuwa na shingo nzuri kuliko yangu. Zuhura wa sifuri alinipa sababu, akanipa "ila", akanipa "kama sivyo". Tena kwa Kiswahili, kikichanganyika na Kinyaturu pale alipopata joto. Nilishika usukani wa baiskeli, machozi yananilenga na kicheko kinanishika. Siku ile nilisindikizwa mpaka mlangoni.

Ndiyo nikazifunga kadi zangu kwa kamba. Nikaanza kuuliza mambo nisiyoyajua tu. Mnajuaje kwamba huyu ndama ataumwa? Kwa nini mzinga unatundikwa upande huu? Nikauliza njiani, nikauliza kisimani, kisha nikaleta maswali hayo hayo ndani ya darasa. Na humo ndani, kwenye chumba kile kile cha kimya, watoto walinyoosha mikono mpaka wakasimama kwenye madawati.

Tatizo likawa Daktari Kabezi. Kipimo alikikubali yeye, sahihi ilikuwa yake, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nilimtumia habari, naye akaja mwenyewe kwa basi, suruali imepigwa pasi, akashuka Ikungi kama mtu aliyeshuka mwezini. Tukaketi uani kwa Mama Zuhura.

"Bibi Tabitha," akasema, "umeacha kipimo kilichokubaliwa, na muda umekwisha. Sasa nieleze. Ukimwuliza mtoto swali usilolijua jibu lake, utasahihishaje?"

"Nakwenda kuangalia, Daktari."

"Kuangalia nini?"

"Mtoto akisema njia inakwenda mahameni, natembea. Nikiyakuta mahame, nampa vema."

"Hiyo si njia ya kusahihisha. Hayo ni matembezi."

"Ndiyo maana nimekonda."

Hakucheka. "Mtahini atakuchana. Na mimi sitakuwa na cha kukutetea. Rudi kwenye kadi, una sifuri zako, andika, umalize. Digrii utaipata."

Na ni kweli ningeipata. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilikuwa na sura nzima kichwani, safi, inayosema watoto hawa hawajui yai. Nikaingia ndani kuchukua chai. Huku nyuma mtoto mmoja wa mbuzi, mweupe, akamrukia Daktari magotini. Naye, kwa ustaarabu wake wa kuongea na wenyeji, nikamsikia akisema:

"Oho! Na huyu mzuri hivi, ni nini huyu?"

Nikaacha birika. Nilichelewa.

Kesho yake kwenye kituo cha basi Daktari Kabezi alikuwa amesimama na begi mkono mmoja na kamba ya mbuzi mkono mwingine. Alikuwa amekataa mara zote alizoweza. Mama Zuhura alimjibu tu, "Kama ni mdogo, Daktari, sema, tulete mama yake." Kondakta alitaka kujua huyo abiria mweupe anashuka wapi.

Daktari alimtazama mbuzi muda mrefu. "Nilikuwa naongea tu," akasema.

"Najua, Daktari. Na mimi nilikuwa napima tu."

Akampandisha mbuzi, akapanda, basi likawashwa. Kisha kutoka dirishani, mbuzi akitafuna mkoba wake, akasema, "Andika hivyo ulivyoona. Lakini utatetea mwenyewe."

Niliandika. Nilipiga taipu kwa vidole viwili, karatasi ya kaboni ikihamia kwenye gauni. Ushauri mwingine, ingawa kaboni hamuijui: sura inayowauma tumbo iandikeni kwanza, zile za kupendeza zitajiandika. Nilimaliza mvua ya kwanza ikigonga bati la bweni.

Siku ya kutetea nilivaa gauni la kuazima. Mbele yangu wamekaa walimu wakubwa, na katikati mtahini kutoka nje, Profesa mmoja mzee, mpole, mwenye sauti ya chini. Mambo yote kwa Kiingereza, si mnajua. Akafungua ukurasa, akaufunga, akaniuliza, "Tuambie, mwanafunzi. Kujifunza ni nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Ninyi nyote mnalo, lipo kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza. Nilifungua mdomo, na hakuna kitu kilichotoka. Niliiangalia sura yake, nikaiangalia meza, nikaona waziwazi kwamba analijua. Nikakaa kimya vile vile walivyokaa watoto wangu, na kwa mara ya kwanza nikajua ndani yake kunafanana vipi: si giza, kuna mwanga mwingi mno, na hujui mtu huyu anataka nini kwako. Nikaona digrii inaondoka kama basi.

Kisha nikasikia sauti yangu inasema, "Samahani, Profesa. Unaniuliza kwa sababu hujui, au kwa sababu unataka?"

Mtu mmoja akaweka kalamu chini. Halafu pembeni, Daktari Kabezi akakohoa.

"Umjibu kwa uangalifu, Profesa," akasema. "Mimi niliulizia mbuzi, nikaondoka naye. Yuko nyumbani kwangu mpaka leo, amekula mapazia."

Walicheka, Profesa akacheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, alikuwa mtu mwingine kidogo. Alifungua tena ule ukurasa, akaweka kidole.

"Basi ngoja niulize upya," akasema. "Umeandika kwamba ng'ombe wanarudi jioni kusimama kwenye mlango usiokuwepo. Sikuelewa. Wanafanya nini pale?"

Hapo alikuwa hajui. Nikamweleza. Nikachora kwa kidole mezani. Waliponikatisha, chai yao ilikuwa imepoa, na mimi nilikuwa bado niko njiani na wale ndama.

Nilipata. Nilitakiwa nirekebishe marejeo na niondoe utani ukurasa fulani. Likizo ya kwanza baada ya kurudi kazini nilipitia kijijini kuwaonyesha ile tasnifu, imejalidiwa, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu. Mama Zuhura aliipima uzito kwa mkono, akasema kwa mayai yote yale alitegemea iwe nene zaidi, akarudi jikoni.

Zuhura alibaki. Alikuwa amerefuka. Alifuta mikono kwenye gauni, akapitisha kidole juu ya yale maandishi ya dhahabu, herufi kwa herufi, taratibu, kama mtu anayefuata unyayo.

"Mwalimu," akasema, "digrii ni nini?"

Nikavuta pumzi nimweleze. Nikaanza na "digrii ni..." Kisha nikamwangalia. Alikuwa amekaa wiki na wiki akinisikia nikilitaja neno lile kwa mama yake tukichambua maharage. Digrii alikuwa anaijua; hakuuliza kwa sababu hajui.

Nikaiweka tasnifu magotini kwake.

"Ngoja," nikamwambia, "nikamwulize mama."

Nikainama mlangoni, nikaingia.